Mitungi ya Matondoni na Hesabu ya Kizingiti



Wasomaji wetu wapendwa, juma hili tunalipa deni. Mwaka 2004, katika miezi ile ya ukame, bibi mmoja msusi wa mikeka wa Matondoni alitujia barazani baada ya sala ya Alasiri. Alitembea kwa mkongojo, ilhali mwezi mmoja kabla alikuwa akibeba mtungi kichwani. Akatuuliza: "Sheikh, mimi mitungi yangu naifunika na pipa langu nalisugua kila wiki. Jirani yangu hafuniki kitu. Homa imetushika sote sawasawa, mimi, yeye na wajukuu zetu. Basi faida ya kusugua iko wapi?"

Tulimjibu kwa mambo ya kadari na subira. Jawabu lile lilikuwa la haki, wala leo haturudi nyuma tukalikana. Lakini lilikuwa nusu ya jawabu, na nusu nyingine hatukuwa nayo. Bibi yule aliitika, akashukuru, akaenda zake. Baadaye tukasikia ameacha kusugua pipa. Jambo hilo lilitukaa moyoni, kwa sababu hakuliacha kwa uvivu. Aliliacha baada ya kumsikiliza mwalimu wake.

Walio vijana leo huenda hawaikumbuki homa ile. Ilianza kisiwani Lamu katikati ya mwaka huo, na watu wakadhani ni malaria, kwa kuwa ndiyo homa tuliyoizoea. Lakini dawa za malaria hazikufaa kitu. Viungo viliuma hata mtu akashindwa kushika kikombe. Wanawake walishindwa kuchana miyaa, na mafundi wa majahazi wakaweka shoka chini. Damu ilipopimwa katika maabara ikabainika kuwa ni chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetoka katika lugha ya Wamakonde na maana yake ni kujikunja, kwa namna mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Uliandikwa katika vitabu vya tiba baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule. Si ugonjwa wa wageni basi. Ni wa pwani yetu hii hii.

Mnamo Oktoba 2004 wataalamu walipima damu za watu 288 wa kisiwa cha Lamu. Waliokutwa na alama za ugonjwa ule katika damu yao walikuwa 215, yaani 75 katika kila 100. Kwa kisiwa kilichokadiriwa kuwa na watu 18,000, maana yake ni kama watu 13,500. Kisha homa ikapanda vyombo ikasafiri: Mombasa, halafu Komoro mwaka 2005, kisha Réunion ambako zaidi ya theluthi moja ya wakaazi waliambukizwa, na hatimaye Bara Hindi. Njia ile ile ya biashara iliyowapeleka wazee wetu, homa nayo iliifuata.

Swali la bibi lilibaki bila jawabu mpaka mwaka huu, alipokuja likizoni kijana mmoja wa Matondoni aliyesoma nasi juzuu zake za mwanzo na ambaye sasa anasoma hisabati chuo kikuu. Wazee walimuuliza, kama ilivyo ada, elimu hiyo itamletea nini mezani. Akasema anasoma kutengeneza vielelezo vya hesabu, vya maradhi na vya nuru. Mzee mmoja, fundi wa majahazi, akacheka: "Kielelezo mimi nakijua. Ni ile jahazi ndogo ya mtoto." Kijana akasema, ndiyo, mzee wangu, ndiyo hiyo hasa. Jahazi ndogo haibebi boriti wala chokaa, lakini ukiitia majini ikalala upande mmoja, umejua jambo kuhusu jahazi kubwa kabla ya kukata mti. Kielelezo cha hesabu ni jahazi ndogo iliyochongwa kwa tarakimu.

Sisi tuliosomea madrasa hesabu hatuiogopi, kwa kuwa ilmu ya faraidh ni hesabu tupu. Al-Khwarizmi mwenyewe, aliyeipa dunia neno aljebra kule Baghdad katika karne ya tisa ya Miladi, aliiweka sehemu kubwa ya kitabu chake kwa ajili ya mirathi na wasia. Lakini hesabu ya mirathi ina tabia moja ambayo hatukuwahi kuitazama: inakwenda kwa mstari mnyoofu. Mjane mwenye watoto hupata thumuni. Mali ikiwa shilingi 80,000, fungu lake ni 10,000. Mali ikiwa mara mbili, fungu lake nalo huwa mara mbili. Tulikua tukiamini kwamba mambo yote yako hivyo, kwamba nusu ya juhudi huleta nusu ya natija. Bibi yule naye aliamini hivyo, na ndiyo maana alikata tamaa.

Maradhi ya kuambukiza hayaendi kwa mstari mnyoofu. Wa kwanza kulisema hilo kwa tarakimu katika habari ya mbu alikuwa daktari Mwingereza, Ronald Ross, aliyegundua mwaka 1897 huko India kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Miaka kumi baadaye alitumwa kisiwa cha Mauritius, katika bahari yetu hii, kuangalia namna ya kuipunguza. Watu walimwambia anajisumbua, kwani nani awezaye kumaliza mbu wote? Ross akajibu kwa hesabu kwamba hakuna haja ya kuwamaliza. Si kila mbu humuuma mgonjwa. Miongoni mwa waliomuuma, wengi hufa kabla ugonjwa haujakomaa ndani yao. Na waliobaki si wote wanaopata kumuuma mtu mwingine. Kwa hivyo mbu wakipunguzwa chini ya kiasi fulani, kila mgonjwa atawaambukiza watu pungufu ya mmoja, na ugonjwa utanywea wenyewe ijapokuwa mbu wangali wanaruka.

Kiasi hicho kijana alikiita kizingiti. Neno linatufaa vizuri, kwa kuwa kila mwenye nyumba Lamu anajua kazi ya kizingiti cha mlango mvua inapomwagika uchochoroni. Maji yakiwa juu yake kwa kidole kimoja, nyumba nzima imelowa. Yakiwa chini yake kwa kidole kimoja, mikeka ni mikavu.

Mwaka 1927 watu wawili wa Scotland, McKendrick na Kermack, waliiendeleza hesabu hiyo wakatoa kanuni inayoonyesha, ugonjwa ukishapita, ni wangapi watakuwa wameguswa. Waliipima kwa tauni ya Bombay ya mwaka 1905 na 1906. McKendrick alikuwa tabibu wa jeshi aliyewahi kufuatana na Ross. Kermack alikuwa mwanakemia aliyepofuka kwa ajali ya maabara mwaka 1924, akaendelea kufanya hesabu kichwani na kuandikiwa na wengine. Tunalitaja hili kwa ajili ya wazazi wenye watoto wasioona ambao huwaweka ndani na kudhani wamewasitiri.

Sasa turudi Matondoni. Kijana alichukua karatasi ya kalenda, akaigeuza nyuma, akaandika ile 75 katika 100 ya mwaka 2004 na kuipitisha katika kanuni ya wawili wale. Ikatoka kwamba mwanzoni mwa mlipuko, kwa wastani, kila wagonjwa 20 waliwaambukiza watu 37 kupitia mbu. Wale 37 wakawaambukiza kama 68, na kuendelea, mpaka waliosalia wakawa wachache. Kisha akauliza: je, mbu wangekuwa pungufu, ingekuwaje?

Tunawaomba kina mama wasome hapa polepole, na penseli ikiwa iko karibu. Mbu wangepungua kwa sehemu moja katika kumi, wangeambukizwa kama watu 67 badala ya 75 katika kila 100. Faida ni watu 8 tu. Mtaani hakuna ambaye angeiona. Wangepungua kwa robo, wangeambukizwa 50. Wangepungua kwa sehemu tatu katika kumi, 42. Kwa sehemu nne katika kumi, 19. Na kabla ya kufika nusu, penye sehemu 46 katika mia, wagonjwa 20 wangewaambukiza 20 tu, nao ndio ukingo wa kizingiti. Chini ya hapo homa ingezuka nyumba mbili tatu na kuzimika.

Tazameni alichotuonyesha. Sehemu ya kumi ya kwanza iliokoa watu 8. Sehemu ya kumi ya nne, yenye kazi ile ile, mapipa yale yale na jasho lile lile, iliokoa 23. Wanaoanza kusugua huona faida ndogo, hukata tamaa na kuacha, na huacha wakati ambapo jirani wa tatu au wa nne akijiunga ndipo faida kubwa inapokaribia. Bibi yule hakukosea kusugua. Alisugua peke yake, na mahali alipotazama faida, yaani mwilini mwake mwenyewe, sipo inapoonekana. Faida yake ilikuwa imegawanywa vipande vidogo vidogo kwa mtaa mzima.

Tulinyamaza barazani kwa kitambo. Tumefundisha haki za jirani kwa miaka mingi, kuanzia harufu ya chungu hadi ukuta wa pamoja, na hatukupata kufikiri kwamba kifuniko cha mtungi nacho ni miongoni mwake.

Lazima tuseme pia kasoro ya kielelezo, kwani kijana mwenyewe aliisema kabla hatujamuuliza. Hesabu ile hudhani kila mtu kisiwani ana nafasi sawa ya kuumwa, kana kwamba Lamu mjini, Shela, Matondoni na Kipungani ni chumba kimoja. Sivyo. Mbu wa chikungunya haruki mbali, na kwa kawaida huishi na kufa karibu na nyumba aliyozaliwa. Kwa hivyo 46 si tarakimu ya kuapia. Mwaka wenye joto jingine au virusi vilivyobadilika ingekuwa nyingine. Umbo la mkunjo ndilo la kushika: mwanzoni mteremko mdogo, kisha mporomoko.

Na nuru je? Mzee wa majahazi hakuisahau. Alitaka kujua nuru ina uhusiano gani na homa. Kwa wasomaji wetu si elimu ngeni, kwa kuwa Ibn al-Haytham wa Basra aliandika Kitab al-Manadhir zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na Ulaya ikajifunza kwake. Ila yeye alisoma nuru inayokwenda kwa mstari mnyoofu: taa mbili, mwangaza mara mbili. Tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman wa Marekani aliwasha leza ya kwanza kwa kijiti cha yakuti bandia, na hapo likaonekana jambo ambalo Bwana Ross angelitambua mara moja. Ndani ya yakuti, chembe moja ya nuru huchochea nyingine izaliwe, pacha wake. Nyingine hupotea kupitia vioo vilivyo ncha mbili. Ikiwa kila chembe inazaa pungufu ya moja kabla haijapotea, yakuti hutoa mwanga hafifu tu. Ikizidi moja kwa kiasi kidogo, mwonzi mkali hufyatuka. Hicho ni kizingiti kile kile, ila hapa mwanadamu anataka kukivuka, na katika homa anataka kubaki chini yake. Milinganyo yake, kijana alisema, ni ndugu wa baba mmoja.

Mwaka uliofuata, 1961, Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha nuru nyekundu ya leza katika kipande cha jiwe la kwatzi, wakapata upande wa pili nuru kidogo sana ya rangi nyingine kabisa, yenye urefu wa wimbi nusu ya ule wa kwanza. Ilikuwa hafifu mno hata alama yake katika picha iliyopelekwa kuchapishwa ilidhaniwa ni uchafu ikafutwa, na jarida likatoka na mshale unaoonyesha mahali patupu. Nuru hiyo nayo haifuati mstari mnyoofu: ukiongeza nguvu ya nyekundu mara mbili, nuru mpya huongezeka mara nne, ukiongeza mara tatu, huongezeka mara tisa. Kwa njia hiyo ya kukunja wimbi, mwonzi usioonekana kwa macho hugeuzwa kuwa wa kijani, nao ndio ambao leo matabibu wengi wa macho huutumia kuziba mishipa mibaya nyuma ya jicho la mgonjwa wa sukari asipofuke. Katika nyumba zetu ambamo sukari haikosi mtu, si habari ya mbali. Mwenye sukari na apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, maana leza huhifadhi kilichopo, na aghalabu hairudishi kilichopotea.

Sasa ya jikoni na uani. Mbu huyu, Aedes aegypti, ana madoa meupe miguuni na huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku, ambacho ni lazima kwa malaria, hakimzuii, isipokuwa kwa mtoto mchanga anayelala mchana ndani yake. Huzaa katika maji safi yaliyotulia karibu na watu: mtungi, pipa, birika, beseni la kulowekea miyaa, kifuu kilichotupwa, gurudumu kuukuu, na hapa kwetu tumbo la dau lililopinduliwa vibaya likashika maji ya mvua. Mayai yake hayako majini hasa. Yamegandishwa ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ndiyo sababu kumwaga maji hakutoshi. Ni lazima kusugua kuta za chombo. Na kwa kuwa katika joto letu yai lililoguswa na maji huwa mbu kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi, kusugua mara moja kwa wiki kunamkata njiani.

Wala msidhani uchache wa maji ni kinga. Wataalamu waliouchunguza mlipuko wa 2004 waliuhusisha na ukame: watu walijaza kila chombo, na kwa kuthamini maji hawakuvimwaga wala kuvisugua. Mitungi ilikuwa mingi na yenye maji ya muda mrefu kuliko mwaka wa mvua.

Wazee wetu walikuwa na lao. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la chooni lilifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini ya birika walijengea bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Leo watalii huonyeshwa bakuli lile kama pambo. Na kufunika vyombo usiku ni amri ya Mtume wetu (S.A.W.) inayojulikana na kila mtoto wa madrasa. Wanavyuoni wameeleza hekima zake. Hatusemi kwamba mbu ndiye aliyekusudiwa, twasema tu kwamba aliyeshika amri ile hakupata hasara.

Alhamisi iliyopita tulikwenda Matondoni kumpelekea bibi yule nusu ya jawabu lake. Amezeeka sasa, na vidole vyake, anasema, havijarudi sawasawa tangu homa ile, ingawa bado anasuka ukili mwembamba kuliko wa wajukuu wake. Tulimweleza kama tulivyowaeleza ninyi. Alisikiliza bila kusita kusuka. Tulipofika kwenye watu 8 na watu 23 alitutaka turudie. Tukarudia.

"Kwa hivyo ningetafuta wenzangu watatu," akasema.

"Naam, bibi."

"Na nyinyi mngeniambia tangu siku ile."

Tukasema hatukuwa tunajua, na tukamwomba radhi. Akaiweka ukili mapajani akafikiri kidogo, kisha akauliza kama pipa la udhu la madrasa yetu bado liko wazi kama alivyoliona siku ya maulidi. Lilikuwa wazi. Fundi wa majahazi amelipima kwa kamba na kutukatia kifuniko kwa mbao za masalio; wanafunzi wakubwa watasugua kuta zake kila Alhamisi kabla ya Alasiri, na bibi amesema atamtuma mjukuu wake kuja kutazama.